Jina Lililoachwa Kitaya

Andrea, ofisa utumishi wa chuo kikuu kipya cha pale mjini, alisimamisha pikipiki mbele ya nyumba ya Hashimu fundi baiskeli, mtaa wa Chuno, saa tisa alasiri ya Jumatatu. Hata kofia ngumu hajaivua, akaita kwa sauti ya mtu aliyezoea kusoma majina ofisini:

"Hodi hapa! Namtafuta Somoe. Somoe Saidi Nantanga."

Wanawake wawili waliokuwa wakichambua mchicha kwenye baraza ya jirani waligeuka. Mmoja akajiziba mdomo kwa upindo wa khanga. Mwanaidi, mke wa Hashimu, alikuwa amechutama akiosha ming'oko, vile viazi mwitu vyembamba ambavyo huchemsha na kuuza kila asubuhi. Mkono wake ukasimama ndani ya beseni.

"Baba," alisema bila kuinua uso, "hilo jina usiniitie hapa. Nami ni mama yako."

Andrea alikuwa mtu wa Njombe, ana mwaka wa pili Mtwara, hakujua alichotamka. Kwa watu wa huku, mtoto wa kike akiingia unyago huliacha kule jina la utoto, akatoka na jingine. La kwanza limekwisha. Kumwitia mwanamke mzima jina lile, tena mbele ya majirani, ni sawa na kumvua nguo. Mwanaidi alikuwa na miaka arobaini na sita na mjukuu mmoja. Mara ya mwisho kuitwa Somoe alikuwa hajavunja ungo.

"Samahani sana, mama," Andrea alisema. "Lakini ni wewe?"

"Ndiye!" Hashimu alidakia, akainuka na tairi la baiskeli mkononi. "Ndiye huyu. Nimemuoa kijijini kwao Kitaya mwenyewe, nawajua mpaka mbuzi wa kwao. Kuna nini? Pensheni ya baba yake?"

Mzee Saidi Nantanga hakuajiriwa na mtu maisha yake yote. Alilima mpunga bondeni Ruvuma akafa na jembe lake. Lakini Hashimu alikuwa mtu wa kutumaini, na mtu wa kutumaini haangalii mlango upo wapi.

Andrea alipewa kigoda. Akafungua faili.

"Sisi pale chuoni tuna Somoe Saidi Nantanga mwingine," alisema. "Ni daktari. Si wa sindano, wa vitabu. Alhamisi kamati inakaa kumteua awe amidi wa Kitivo cha Insia. Kura za wahadhiri wenzake kapata nyingi kuliko wote. Sasa wiki iliyopita imeingia barua, haina jina la aliyeiandika. Inasema huyo si Somoe. Inasema Somoe mwenyewe yupo Chuno, anauza ming'oko."

Beseni lilitulia. Jirani wa mchicha alikuwa amesogea mpaka ukutani.

"Jumamosi nimekwenda Kitaya," Andrea aliendelea. "Nimeona daftari la shule la mwaka sabini na saba. Panya wamekula pembe, lakini jina lipo, namba kumi na nne. Nimemwona na kaka yako. Kanielekeza hapa."

"Na ikiwa kweli?" Hashimu aliuliza.

Andrea alipanga viganja vyake hewani, kimoja juu ya kingine. "Cheti cha darasa la saba kimebeba cha sekondari. Cha sekondari kimebeba cha chuo. Cha chuo kimebeba udaktari." Akauchomoa mkono wa chini. "Mzee, hapo unabaki na nini?"

Aliwataka wafike Alhamisi saa tatu asubuhi, mama aje na karatasi yoyote aliyonayo yenye jina lile. Alipopiga pikipiki teke na kuondoka, ndipo Mwanaidi alipoinuka. Hakuwa na karatasi yoyote.

Jirani akasema kwa upole wa kinafiki, "Kumbe wewe ndiye Somoe, shoga?"

"Na wewe ulikuwa nani?" Mwanaidi alimjibu. "Tuite tusikie."

Jirani akarudi kwenye mchicha wake.

*

Jioni walikula ugali wa muhogo na kisamvu. Asha, kitinda mimba wao, alikuwa anasubiri matokeo ya kidato cha nne, na kwa hiyo alijua mambo mengi.

"Amidi ni nini?" mama yake alimuuliza.

"Ni mkubwa wa kitivo, mama. Insia ni mambo ya watu: lugha, historia, dini, fasihi. Wahadhiri wote wa masomo hayo wako chini yake. Mtihani hautoki bila yeye."

"Walimu wa watoto?"

"Watoto wapi! Hao wanafundisha wale wanaokuja kutufundisha sisi. Sasa yeye ni juu ya hao."

Mwanaidi aliacha tonge mkononi. Alikuwa akipanda zile ngazi kichwani: mtoto, mwalimu wa mtoto, mwalimu wa mwalimu, na juu ya huyo, Halima. Maana alijua ni nani. Tangu Andrea aseme daftari la shule, alishajua.

"Halima," alisema polepole. "Halima wa ng'ambo. Aliyekuwa akiitwa ubaoni anajikojolea."

Mwaka ule, miezi miwili kabla ya mtihani wa darasa la saba, mjomba wake Mwanaidi alikuja kumtoa mpwa wake shule. Mjomba akisema, baba hana neno. Mwali akaingizwa ndani. Mwalimu mkuu alikuwa na namba kumi na nne kwenye daftari na hana mtu wa kumweka kwenye dawati, na wilayani walitaka hesabu itimie. Halima, ambaye familia yake ilivuka Ruvuma kukimbia vita vya Msumbiji, alikuwa amefeli mwaka wa nyuma, akawa anakaa nao darasani bila namba. Akawekwa pale. Wakati ule ilikuwa jambo la kawaida. Watoto wangapi walirudia darasa kwa jina la mwingine, na nani alihoji? Mwanaidi alitoka unyago, akapewa jina la bibi yake, mwaka uliofuata akaolewa. Aliwahi kusikia kwamba Halima kafaulu, kapelekwa shule ya bweni. Akasema vizuri, akaenda kuteka maji.

"Miaka thelathini na moja!" Hashimu alipiga paja. "Miaka thelathini na moja kala jina la mke wangu. Kakaa nyumba ya bati la rangi, kapanda ndege. Kwa jina la nani? Lako. Atoe kitu."

"Atoe nini, Baba Asha?"

"Yeye ndiye msomi, afikirie. Mimi nikipewa hata ulinzi pale getini, sitamwudhi mtu."

"Na akishatoa?"

"Alhamisi unasema humjui, hakujui, hujasoma. Asipotoa," alinyoosha kidole kuelekea chuoni, "unasema ukweli wa Mungu."

"Kwa hiyo ukweli wa Mungu ni bei ya ulinzi," Asha alisema.

"Nyamaza wewe! Watu wazima wanaongea."

Baadaye Hashimu akasema neno jingine, bila ubaya, akichokonoa meno. "Lakini hebu fikiri, Mama Asha. Ungekuwa ni wewe."

Hilo ndilo lililomchoma. Kwa sababu darasani Mwanaidi alikuwa wa kwanza. Halima alikuwa wa thelathini na kitu.

*

Jumatano alitia ming'oko kwenye beseni, chumvi na pilipili kwenye kifuko, akaenda chuoni. Kwa kawaida alikuwa anauza Magomeni ya pale pale mjini, karibu na kituo cha mabasi. Mlinzi alimtazama kuanzia kandambili hadi kilemba.

"Mama, wauzaji mwisho hapo kwenye mti wa bati."

"Mti wa bati ndio mti gani?"

"Hapo kwenye ubao wa tangazo. Usinichoshe."

"Nampelekea Dokta Nantanga. Kaagiza."

Ulikuwa uwongo, lakini jina lilifanya kazi yake. Mlinzi akanyooka. "Ah, mama wa Dokta? Pita, pita. Jengo lile la ghorofa. Karibu sana, mama."

Mwanaidi alipita. Jina la baba yake limefungua geti.

Alipanda ngazi na beseni lake kichwani. Ukumbini kulikuwa na mlango wazi na sauti ya mwanamke ikitoka. Akasimama pembeni, akachungulia. Watu wazima, mia na zaidi, wanaume wenye ndevu, masista wawili, vijana wenye miwani, wote wameinama wanaandika. Mbele alisimama mwanamke mfupi mwenye mvi, gauni la kitenge, bila karatasi mkononi. Alikuwa akieleza habari za misafara ya Wayao iliyopita bondeni Ruvuma. Alitaja vijiji, akataja vivuko. Akamtaja mpaka mtu mmoja aliyekuwa akivusha watu kwa mtumbwi pale Kitaya, akasema hayo aliyapata kwa wazee wenyewe, hayamo kwenye kitabu cha mzungu yeyote. Alipotua, mia nzima ilitua. Alipoinua mkono, kalamu zikainuka.

Mwanaidi alisahau shingo yake. Alikuwa akimjua yule mvushaji. Alikuwa babu yake mzaa mama. Hakujua kwamba mtu kama yule anaweza kusemwa mbele ya watu mia wakaandika.

Alisogea nyuma, akatembea kwenye korido mpaka mlango wenye kibao. Alisoma taratibu, kwa kuchezesha midomo, kama wanavyosoma walioacha mapema. DKT. SOMOE S. NANTANGA. Alikiweka kidole kwenye neno la mwisho. Mzee Saidi alikuwa akitia dole gumba kwenye karatasi za chama cha ushirika, halafu anafuta wino kwenye shina la mgomba. Sasa yupo hapa, amechongwa, kwa herufi kubwa, ghorofani.

"Nilijua utakuja," ile sauti ya ukumbini ilisema nyuma yake.

Walitazamana. Halima alikuwa amezeeka vizuri zaidi, lakini macho yalikuwa yale yale ya mtoto aliyeitwa ubaoni.

"Shikamoo, dada," Mwanaidi alisema, maana Halima alimzidi mwaka.

"Usiniamkie. Mimi ndiye wa kukuamkia." Halima akampokea beseni kwa mikono yake miwili, akaliweka juu ya meza ya ofisi, juu ya makaratasi. "Kaa."

Kuta zote zilikuwa vitabu. Mwanaidi alikaa kwenye ncha ya kiti.

"Mumeo alikuja leo asubuhi," Halima alisema.

Mwanaidi aliinamisha kichwa. "Kataka nini?"

"Kazi ya ulinzi. Na redio."

"Redio!" Aibu ilimpanda mpaka masikioni. "Umempa?"

"Sijampa. Nimemwambia nikitoa hata kibiriti, nitakuwa nimeliiba jina kweli. Mpaka leo sijui kama niliiba au niliokota. Lakini nikinunua, nitajua."

Mwanaidi alimtazama kwa jicho jingine. Mtu aliyeshikwa koo, na bado anachagua maneno.

"Kwa nini ulirudi Mtwara?" aliuliza. "Ungekaa huko huko. Nani angekujua?"

"Mama yangu yupo Kitaya, haoni. Hakuna mwingine duniani anayeniita Halima. Nimeona atakufa, na jina litakufa naye. Sikuombi kitu kesho. Wakiuliza, sema lililopo. Ila nataka nikwambie moja. Mwaka ule wa kwanza bwenini nilikuwa silali. Nilikuwa nasoma kwa woga. Nasema, wewe Halima ni wa thelathini, lakini jina hili ni la mtu wa kwanza, na wakikuona huliwezi watakurudisha. Nimeogopa hivyo hivyo mpaka nikamaliza udaktari."

Mwanaidi alichambua ming'oko mitatu mizuri, akaweka juu ya karatasi pamoja na chumvi na pilipili, akajitwisha beseni akatoka.

*

Alhamisi kamati ilikuwa na watu watano na meza ndefu yenye chupa za maji. Mwenyekiti alikuwa Profesa Josephu, mkuu wa chuo, mtu mnene mwenye kikohozi. Kulikuwa na wakili kijana wa chuo, na mzee Abdallah, mhadhiri wa Kiswahili, mzaliwa wa Newala. Halima alikaa peke yake upande wa dirishani. Hashimu aliambiwa abaki nje. Akabaki, sikio kwenye kitasa.

"Mama," Profesa alianza, "wewe ni Somoe Saidi Nantanga?"

Mzee Abdallah aliruka kitini kama aliyeketi kwenye kaa la moto. "Profesa! Hivyo huulizi. Huyo mama mwenye wajukuu unamuuliza jina la utoto?"

"Mzee Abdallah, tuna faili hapa."

"Faili haliendi unyago. Hata mimi mkiniuliza la kwangu la kabla ya jando, naondoka na sirudi."

Wengine wakacheka. Mwanaidi hakucheka. Alikuwa amesimama, mikono ndani ya khanga.

"Mwacheni aniulize, ni mgeni," alisema. "Mzee, mimi ni Mwanaidi. Jina mlilonalo humo nilipewa na baba yangu, nikaliacha Kitaya. Kwetu ukishaliacha si lako. Ukilirudia unajitukanisha."

"Lakini ulisoma kwa jina hilo?"

"Nilisoma. Darasa la saba sikumaliza, nilitolewa."

"Mtihani wa mwaka sabini na saba ulifanya?"

"Sikufanya."

"Sasa nani aliufanya?"

Chumba kizima kilimwangalia. Hapa ndipo angeweza kusema simjui, hanijui. Hapa pia ndipo angeweza kunyoosha kidole. Mwanaidi aligeukia dirishani.

"Alifanya Halima, huyo hapo," alisema. "Sitawaficha. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani, na nimekaa na hilo neno siku tatu sijala vizuri. Nikasema, yule ni mimi. Pale ningekaa mimi. Jana nikaja kumsikiliza akifundisha. Mzee, mimi nisingeweza. Kuwa wa kwanza Kitaya nilikuwa. Lakini kusimama vile, watu mia wanyamaze, umseme babu yangu mvushaji kama unasema sultani! Hilo hakupewa na jina. Hilo kalitafuta. Nimeogopa jana kama ninavyoogopa msikitini."

Profesa alikohoa, akanywa maji, akakohoa tena.

Halima alisimama. "Ni kweli alivyosema. Nilizaliwa Halima. Uamuzi wowote mtakaotoa nitaupokea."

Waliwatoa nje wote wawili. Wakakaa benchi moja, Hashimu katikati. Ilipita saa nzima na nusu. Waliporudishwa, Profesa alikuwa amevua miwani.

"Mtihani wa darasa la saba si wetu," alisema. "Tutaliandikia baraza la mitihani lenyewe, kwa uwazi, walione. Lakini hapa hatuteui mtoto wa darasa la saba. Hivi vitabu vinne," aliviwekea kiganja, "hakuna aliyesema kaviandika mwingine. Wakili anasema jina linaweza kuwa lake kisheria, kwa kiapo. Ila sharti mwenye jina akubali, kwa saini."

Wakili alikuwa amekwisha chapa karatasi. Aliisogeza mezani mbele ya Mwanaidi, na kando yake akaweka kile kikopo cha wino wa dole gumba, akakifungua mfuniko kwa heshima.

Mwanaidi alikitazama. Halafu akakifunika.

"Nipe kalamu, mwanangu."

Wakili alimpa ya kwake. Alikaa, akavuta karatasi, akaiweka upande kidogo kama walivyofundishwa. Hakuwa ameandika lile neno tangu miaka ya sabini. Alidhani mkono utakataa. Haukukataa. Ulikwenda wenyewe, mwandiko mviringo wa shule, kila herufi imekaa kwenye mstari: Somoe Saidi Nantanga. Chini yake, kwa shida zaidi, akaandika Mwanaidi, maana hilo alikuwa hajazoea kuliandika.

Mzee Abdallah aliisogelea karatasi, akaiinamia muda mrefu. "Mwandiko huu!" alisema taratibu. "Jamani, mwandiko huu."

Wakili alipuliza wino ukauke. Profesa akavaa miwani, akafungua daftari la kumbukumbu, akasimama, na wote wakasimama, hata Hashimu kule mlangoni.

"Kwa hiyo kamati inamteua kuwa amidi wa Kitivo cha Insia, kuanzia Jumatatu," alisoma kwa sauti, "Dokta Somoe Saidi Nantanga."

Kinywa cha Mwanaidi kilikuwa kimekwisha funguka kuitika. Akakifunga, akageuka pamoja na watu wote kumtazama mwenye jina akisogea mbele.